Kichanja cha Ghorofa Tatu

Asubuhi niliyoondoka Chang'ombe sikuwa na mpango. Nilikunja shuka, nikatia ndani ya begi suruali mbili, mashati mawili na futi ya mbao ya kukunja ambayo hadi wiki ile haikuwa yangu, nikatoka kwa mlango wa uani. Hitima ilikuwa imesomwa jana yake. Majamvi ya msiba yalikuwa bado yameegemezwa ukutani. Ndani ya banda la useremala randa zilikuwa zimelala ubavu mezani, kama fundi mwenyewe alivyoziacha.

Kushoto barabara ilikwenda stesheni, kulia ilitokea njia ya Kondoa. Nilishika kulia, kwa sababu kushoto nilikuwa nimekwishakwenda, siku ambayo sikupaswa kwenda popote.

Nje ya mji nilikuta lori linajaza maji kwenye rejeta. Dereva aliniuliza ninakwenda wapi. Nikamuuliza yeye anakwenda wapi. Alisema anakwenda Chemba kuchukua ng'ombe, nikamwambia basi na mimi ni wa Chemba.

"Umejua sasa hivi kwamba ni wa Chemba?" aliuliza, akacheka, akanionyesha kwa kidole bodi la nyuma lililokuwa tupu na kunuka mavi ya ng'ombe. Nikapanda. Ilikuwa majira ya upepo wa baridi, ule unaobeba vumbi jekundu na kukausha midomo. Nilikaa chini, mgongo kwenye mbao za bodi, na kwa mazoea nikazikagua: mti wa mkongo, zimepasuka ncha, hakuna aliyezipaka rangi.

Miaka yangu mingi nimeishi hivyo. Shule niliiacha darasa la tano, kijijini kwetu upande wa Mpwapwa, si kwa sababu ya ujinga wala umaskini, bali nilitaka kuona reli inakwenda wapi. Niliona. Baada ya reli nikataka kuona chumvi inavyochemshwa, kisha zabibu zinavyopogolewa, kisha kisima kinavyochimbwa. Kila mahali nilikaa hadi nilipoelewa, nikaondoka. Nilipofika kwa fundi wa Chang'ombe nilikuwa na miaka ishirini na minane, na nilisimama uani kwake kwa sababu nilimwona mzee anageuza mbao moja moja, kama mtu anayegeuza mgonjwa kitandani. Nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza anazigeuzia nini.

"Zimelala upande mmoja tangu Ijumaa," alisema. "Wewe ukilala upande mmoja tangu Ijumaa utaamka umenyooka?"

Sikuondoka tena kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Walinipa chumba cha uani, kile cha kuwekea mkaa. Mkewe alikifagia na kukitandika mkeka kabla sijasema kama ninakaa.

Mababu wa fundi yule walifika bara na misafara, wakabaki, na jamaa yake yote ilikuwa ya watu wa mjini: wauza vitambaa, washona kofia, mafundi. Yeye mwenyewe alikuwa seremala wa shirika la umma hadi ilipokuja ile miaka ya soko huria. Shirika likauzwa, watu wakapunguzwa, naye akarudi nyumbani na sanduku la zana na mbao za mninga alizokuwa amejikusanyia taratibu. Alidhani atatengeneza vitanda na makabati hadi mikono ichoke. Lakini viti vya plastiki navyo viliingia mwaka huohuo. Vilikuja vyeupe, vyepesi, vimepandana kama sahani, na hata waliokuwa wakimsifu fundi msikitini walivinunua. Hakuwalaumu. Alikaa juu ya kimoja kwenye harusi ya jirani, akarudi akasema kwamba kweli kinakaa vizuri, ila hakina mahali pa kurekebisha.

Kwa hiyo mbao zake zilikuwa nyingi kuliko kazi, na hakuwa na pa kuziweka. Ndefu zilisimama wima, zimeegemea ukuta. Nyingine zililala juu ya udongo, na mchwa wa Dodoma hawasubiri mvua. Fupi kabisa aliziweka chini, nyuma ya mlango wa banda. Hizo fupi ndizo zilizoniletea haya ninayoyasimulia.

Mimi ni Mgogo wa kanisani, sikujua. Nilimuuliza mbona hizi hazitumii, nazo ni mkongo mzuri. Akanieleza kwa utulivu kwamba hizo ni viunza. Waislamu hawamziki mtu kwa sanduku. Kaburini huchimbwa nafasi ya pembeni, mwanandani, maiti akalazwa humo, kisha mbao hupangwa mbele yake ili udongo usimwangukie. Baba yake alikuwa akitoa viunza kwa kila msiba wa mtaa, bila malipo, na kabla yake babu. Yeye naye alitoa. Mtu akifa, hakuna aliyekuja kuomba. Walikuja kumwambia tu, naye aliinuka, akazichukua mwenyewe, akazibeba begani hadi nyumba ya msiba. Hakumtuma mtu. Alisema kiunza hakitumwi, kinapelekwa.

Miezi michache kabla sijafika, alifariki mwalimu mmoja wa madrasa. Fundi alipeleka viunza vyake kama kawaida. Jirani aliyekuwa ndani ya kaburi alipokea kimoja, akakibonyeza kwa gumba, kikavunjika kama mkate mkavu. Akapokea cha pili. Nje vilikuwa vizima, ndani mchwa wamebakiza ngozi tu. Watu walisimama na maiti yao. Fundi alirudi nyumbani mbio, mtu wa umri ule, akang'oa mbao mbili kutoka kwenye meza yake ya kazi, akarudi nazo zikiwa bado na misumari. Nilipofika mimi, meza ilikuwa na pengo katikati, na hakuwahi kuliziba. Patasi zilidondokea humo kila siku. Nilipotaka kulitengeneza alinikataza.

"Liache," alisema. "Mimi ninalihitaji kuliko wewe."

Tangu hapo nilijua jambo moja tu lilikuwa likimsumbua. Vitanda visivyoagizwa alikwishavisahau. Alichoogopa ni kwamba atakuja tena mtu kusema fulani amefariki, naye atapeleka mbao zilizoliwa.

Kilichotufanya tuanze kazi ni mbao ndefu. Siku moja upepo ulivuma, zile zilizosimama wima zikateleza, zikaangukia jikoni kwa mkewe. Chungu kilivunjika, na ubao mmoja ulimpiga kwenye mguu hadi ukucha ukatoka. Alikaa chini akiushika mguu, akamwambia mumewe kwamba amevumilia shirika kuuzwa, amevumilia viti vya plastiki, lakini kuuawa na mninga akiwa anapika mlenda hatakubali. Fundi alicheka, kisha akaona damu akaacha.

Nikasema mimi nitajenga kichanja.

"Mgogo akiona mti mnyoofu anawaza zizi," fundi alisema. "Haya, jenga zizi lako."

Nilijenga kwa vitu vilivyotupwa, maana pesa haikuwapo. Miti ya muarobaini iliyokatwa barabarani tuliiambua maganda, tukapata nguzo sita. Ncha zake nilizichoma kidogo kwa moto, kisha nikazilowesha oili chafu kutoka gereji. Sikuzichimbia ardhini, kwa sababu mti uliochimbiwa ni ngazi ya mchwa. Kila nguzo niliisimamisha juu ya jiwe bapa, na jiwe lenyewe ndani ya kopo pana lenye oili kidogo, ili mchwa akitaka kupanda aogelee kwanza. Kichanja chote nilikiacha mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, uweze kuchungulia nyuma na kuona kama wameanza kujenga njia yao ya udongo. Kisha nikakifunga kwa waya mnene kwenye boriti za banda, juu na katikati, kisije kikaelemea mbele. Mihimili ya kulalia mbao tuliipata kwenye nyumba ya tembe iliyobomolewa, miti ya zamani ambayo hata msumari uliigomea.

Fundi alinifundisha kupanga. Kati ya ubao na ubao tuliweka vipande vya papi, yaani mbao nyembamba, ili hewa ipite, na vipande hivyo vilinyooka juu kwa juu, vikifuata mihimili, la sivyo mbao hupinda. Ncha za mbao tulizipaka rangi iliyobaki kwenye makopo ya watu, moja kijani, nyingine buluu, nyingine rangi ya waridi, ili zisikauke haraka na kupasuka. Juu tuliweka bati kuukuu, matundu tukayaziba kwa lami. Kikawa na safu tatu. Mninga mzito chini kabisa, mkongo mrefu katikati, na juu vitu vyepesi.

Hiyo ndiyo kanuni, kila mtu aliyewahi kupakia lori anaijua: kizito chini, chepesi juu. Nilikuwa nikiitamka kama mtu aliyeibuni. Viunza vilikuwa vyepesi na vifupi. Nikaviweka juu. Tena nilifurahi, kwa sababu huko juu ndiko mbali zaidi na mchwa. Urefu wa safu ile niliupima kwa mkono wangu. Nilisimama, nikainua mkono, nikachora alama pale kiganja kilipofika. Mimi ni mrefu. Fundi kichwa chake kilinifika kwapani.

Alikuja akatazama. Alizunguka kichanja, akakitikisa, kikakataa kutikisika. Akatazama juu.

"Umenijengea ghorofa tatu," alisema. "Na marehemu umempa ghorofa ya juu."

Mkewe alimwambia kutoka jikoni kwamba mkono wake haufiki huko, atavishushaje. Akajibu, akininyooshea kidole, kwamba ana mguu wa Kigogo nyumbani, atapanda huo. Tukacheka wote watatu. Niliyakumbuka maneno hayo baadaye kila siku, maana mama yule alikuwa amesema kila kitu kilichohitaji kusemwa, nasi tulikifanya utani.

Kwa miezi mingi mambo yalikwenda sawa. Kila Jumamosi nilipanda, nikashusha viunza, fundi akavigonga kwa kifundo cha kidole, kimoja kimoja, akisikiliza. Vilijibu vizuri. Misiba miwili ilitokea mtaani, na mara zote mbili mimi nilikuwapo, nikamshushia, naye akabeba. Mara ya pili aliporudi kutoka makaburini alikaa kwenye meza yake yenye pengo, akasema kwamba jirani amevibonyeza tena kwa gumba.

"Akaumia gumba," alisema.

Sijawahi kumwona mtu akifurahi kwa utulivu namna ile.

Kisha nikasikia kwamba stesheni wanabadilisha mataruma. Nilitaka kuona taruma la mti lililokaa chini ya reli miaka yote ile linafananaje likitolewa, limeoza au limegeuka jiwe. Fundi aliniambia niende, niangalie vizuri, nije nimsimulie. Nilikwenda asubuhi. Yalikuwa yameoza upande wa chini tu, upande wa juu bado mtu angeweza kupiga randa. Nilikaa huko hadi saa nane, nikiuliza hili na lile, nikisaidia kubeba bila kuombwa.

Saa nne alikuja mtu kumwambia fundi kwamba mama mzee wa nyumba ya tatu amefariki, na atazikwa baada ya Adhuhuri. Mkewe alimwambia anisubiri, au aite kijana yeyote wa mtaani apande. Alimjibu kwamba wafu hawasubiri wanaokwenda kutazama reli. Hakusema kwa hasira, mkewe mwenyewe aliniapia hivyo. Alichukua kigoda chake cha kukalia, akakiweka juu ya sanduku la zana, akapanda. Alivishusha viunza vinne, akaviegemeza vizuri, kimoja kimoja. Cha tano kilikuwa nyuma. Aliponyoosha mkono kukifikia, kigoda kikateleza.

Nilipofika nilimkuta amelazwa chumbani, nyonga imevunjika. Viunza vilikuwa vimekwishapelekwa. Jirani alivibeba, vyote vitano, kwa sababu fundi alikataa kuguswa hadi cha tano kishushwe. Kitu cha kwanza alichoniuliza kilikuwa habari za mataruma. Nikamsimulia. Cha pili alimuuliza jirani aliyekuwa ameingia kumjulia hali, udongo wa makaburini ukiwa bado magotini.

"Vipi vile?"

"Vizima, mzee," jirani alisema. "Hata kimoja hakikuliwa."

Akafumba macho. Akasema alhamdulillahi.

Siku ileile, kabla jua halijazama, niliibomoa safu ya juu. Nilikata mkongo mwingine, nikatengeneza viunza vipya, nikavijengea mahali pake upande wa mwisho wa kichanja, usawa wa goti. Mninga mzito niliusogeza katikati. Nilifunga waya zaidi, nikaweka nguzo ya saba. Kichanja kilisimama vilevile. Kizito hakikulazimika kukaa chini peke yake. Nusu siku ya kazi ilitosha, na nusu siku hiyo nilikuwa nayo mwaka mzima.

Kesho yake tulimpeleka hospitali, wakamrudisha nyumbani na kusema alale. Alilala wiki saba. Mimi na jirani tulimgeuza, upande huu, upande ule, na mara moja nilipokuwa nikimgeuza aliniuliza ni tangu Ijumaa gani. Sikuweza kucheka. Kuelekea mwisho kifua kilijaa, akawa anasema kidogo. Aliniagiza nimletee kiunza kimoja. Nilikipangusa, nikakileta kitandani. Akakigonga kwa kifundo, kwa shida, mara mbili, akasikiliza. Akasema kinafaa. Hakuniambia kinafaa kwa nani.

Nilivibeba mimi. Jirani aliniambia jamaa wanaweza kubeba, mimi si wa dini yao, lakini ndugu mmoja wa marehemu alisema niachwe, huyu ametoka kwenye nyumba. Nilibeba begani hadi makaburini, nikasimama nyuma ya watu. Nilimwona jirani akivipokea ndani ya kaburi. Alikibonyeza cha kwanza kwa gumba, kama alivyozoea, kisha akakipanga mahali pake.

Mjane alikuwa ameingia eda. Hakuweza tena kuonana nami, na mwanamume asiye wa ukoo hakupaswa kuendelea kulala uani kwake, ingawa hakuna aliyeniambia. Jioni baada ya hitima aliniita. Nilikaa barazani, yeye nyuma ya pazia. Nilimwambia kwamba safu ile ya juu niliiweka mimi. Nikasikia anapangusa pua.

"Mwanangu," alisema, "alikuwa haogopi kufa. Alikuwa anaogopa aibu. Na mbao zilikuwa nzima."

Halafu mkono wake ukatoka chini ya pazia, ukiwa na futi ya kukunja. Alisema mbao atawauzia mafundi wa sokoni, kichanja atawaachia wapangaji watakaokuja, ila hii haina wa kuachiwa. Nikaipokea kwa mikono miwili. Nilitaka aniambie nimekosa. Hakuniambia, na nadhani hatanisamehe kamwe kwa njia ile ambayo ningeweza kuielewa, maana hakunilaumu.

Lori lilipita Makutupora, likapita Haneti. Vumbi lilinijaa masikioni. Tulifika Chemba mchana, dereva akaniteremsha karibu na mnada na kunitakia maisha mema huko kwetu kwa ghafla. Nilizunguka kidogo. Ng'ombe walikuwa wanapakwa alama, wanunuzi wanabishana, na kwa mara ya kwanza tangu nikiwa mtoto sikutaka kumuuliza mtu kitu chochote.

Nikaulizia tu nyumba ya wageni. Wakanielekeza kwa bibi mmoja mwenye vyumba vinne nyuma ya mashine ya kusaga. Alikuwa mfupi, mzito kidogo wa magoti. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanionyesha chumba: kitanda cha kamba, dirisha moja, na ukutani juu, karibu na dari, ubao wa kuwekea vitu.

"Ngoja nikupe shuka," alisema.

Akaburuta kigoda hadi ukutani.

Nilikishika kigoda kabla hajaweka mguu. Nikamwambia nitazitoa mimi, nikazitoa. Kisha nikamuuliza ubao ule nani aliuweka juu hivyo. Alisema mwanawe, aliyekuwa mrefu, kwa ajili ya panya, naye kila siku anapanda na kushuka, amezoea. Nikamwomba nyundo.

"Si upumzike kwanza, baba? Umejaa vumbi. Hata kesho ipo."

Nikamwambia hapana, iwe leo. Alinitazama, akaenda akarudi na nyundo yenye mpini uliofungwa kwa mpira. Niliweka begi chini, nikatoa futi, nikaikunjua. Nikamwomba asimame karibu na ukuta, ainue mkono kama anavyouinua anapoanika nguo, pasipo kujinyoosha. Akafanya hivyo, akinicheka. Nikapima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko chake, na hapo nikachora alama.